Anayesikia Ubovu wa Sauti Yako Si Wewe

Katika mazungumzo ya video mtu hujiona, lakini hajisikii. Uso wake upo pembeni mwa skrini muda wote: akiona giza atasogea dirishani, akiona mtandio umekaa upande atauweka sawa, akiona nguo zimeanikwa nyuma yake atageuza simu. Sauti yake hana namna ya kuikagua. Ikishatoka kinywani huingia kwenye maikrofoni, ikakandamizwa, ikasafiri, na ubovu wake wote ukamwangukia aliye upande wa pili. Ndiyo maana watu makini kabisa, walionunua taa ya duara na kamera nzuri, huendesha vikao mwaka mzima kwa sauti ambayo wenzao wanaivumilia kwa sababu ya heshima tu.

Mimi naamini sauti itangulie, picha ifuate. Picha ikiganda, maneno huendelea na hakuna anayepotea. Sauti ikikatika kwa sekunde mbili, kikao kizima husimama na watu wakaanza kuulizana nani anamsikia nani. Hata isipokatika, sauti mbovu humchosha msikilizaji, kwa sababu akili yake inahangaika kubahatisha silabi zilizopotea badala ya kuyapima unayosema. Mwaka 2018 watafiti wawili, Eryn Newman na Norbert Schwarz, walichapisha majaribio ambamo watu walisikilizishwa maelezo yaleyale ya wanasayansi, mara kwa sauti safi, mara kwa sauti iliyoharibiwa. Pale sauti ilipokuwa mbovu, wasikilizaji waliuona utafiti hauna uzito, na mwanasayansi mwenyewe wakamshusha akili. Hakuna neno hata moja lililobadilishwa. Mtu anayefanyiwa usaili wa kazi kwa simu akiwa barazani, mama anayemweleza daktari wa mbali dalili za mtoto, wakili anayetoa hoja katika mahakama za Kenya ambako kusikiliza mashauri kwa video kumeshika kasi tangu 2020, wote hawa wana la kupoteza.

Liko jambo moja linaloyashinda mengine yote, nalo halina gharama: umbali kati ya mdomo na maikrofoni. Sauti ikitoka kinywani hutawanyika pande zote, kwa hiyo hufifia upesi kadiri inavyosafiri. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, nguvu inayofika hubaki robo. Mafundi wa sauti husema imeshuka desibeli 6. Simu iliyosimamishwa mezani sentimita 60 kutoka kwako inapokea sehemu moja tu ya kumi na sita ya nguvu ambayo ingeipokea ikiwa sentimita 15. Lakini feni, jokofu, pikipiki za barabarani na mvumo wa kuta havipungui eti kwa kuwa wewe umekaa mbali na simu. Vinabaki palepale, na sasa vinashindana na sauti iliyofifia. Simu nayo ikitaka kukusaidia hupandisha kila inachokisikia, chako na cha feni pamoja. Ukinyamaza hupandisha zaidi, na hapo ndipo mwenzako husikia feni yako ikivuma kila unapovuta pumzi.

Watu wengi wakiambiwa hawasikiki vizuri hupaza sauti. Kupaza hakusaidii sana: koo linachoka, maneno yanakwaruza, na mwangwi wa chumba unapanda pamoja na sauti. Punguza umbali kwa nusu, kisha sema kwa sauti uliyozoea.

Njia rahisi ya kufanya hivyo ni hedifoni ndogo za waya, zile za kuchomeka masikioni zenye kidude cha maikrofoni kwenye waya wake. Kifaa hicho, ambacho wengi wamekitupa kwenye droo tangu wanunue cha Bluetooth, kinaweka maikrofoni karibu sana na kinywa na kukaa hapo hata ukigeuza kichwa. Kina kasoro moja kubwa: maikrofoni hugusana na nguo. Kola ya shati, mtandio, kamba ya kitambulisho, ndevu, vyote hukwaruza, na mkwaruzo mdogo kwako ni ngurumo kwa anayekusikiliza. Bana waya kwenye kifungo cha shati au tumia pini ili kidude kining'inie bila kugusa kitu. Usikishike kwa vidole ukakisogeza mdomoni kama wafanyavyo wengi wakiambiwa hawasikiki, maana pumzi ya herufi P na B itapiga moja kwa moja na kulipuka. Kiache pembeni ya mdomo, karibu na shavu au chini ya kidevu.

Kama huna hedifoni, ijue simu yako. Maikrofoni kuu ya simu nyingi iko chini, kitundu kidogo kando ya tundu la kuchajia. Iko nyingine juu au nyuma, ambayo kazi yake mara nyingi ni kusikia kelele za pembeni ili programu izipunguze. Ukiishika simu kwa mlalo wakati wa video, kiganja chako huziba kitundu cha chini bila wewe kujua. Kava la bei nafuu ambalo matundu yake hayakukatwa sawa hufanya vilevile. Vumbi na nyuzi za mfukoni hujaa humo taratibu, na mwenye simu hudhani imechoka kumbe imezibwa. Safisha kwa mswaki mkavu laini. Pini na sindano usitumie, kwa kuwa ndani ya kile kitundu kuna kiwambo chembamba, na ukikitoboa hapo utahitaji fundi kweli.

Sasa hili la Bluetooth, kwa sababu linawashangaza watu waliotoa fedha nyingi. Hedifoni ileile inayopiga muziki vizuri sana hubadilika ukipokea simu: sauti inakuwa nyembamba, kama ya redio ya mkulima. Haijaharibika. Teknolojia ya Bluetooth iliyozoeleka ina njia mbili. Ya kwanza ni pana na hupeleka muziki upande mmoja tu, kutoka kwenye simu kwenda masikioni. Maikrofoni inapowashwa, kifaa huhamia njia ya pili inayopitisha sauti pande zote mbili, na njia hiyo ni finyu. Katika hali yake ya zamani zaidi hupitisha takriban kiasi kilekile cha sauti kilichopita katika simu za mezani, kati ya hezi 300 na 3400. Vifaa vipya vimepanua kiasi hicho, baadhi hata mara mbili na zaidi, lakini mpaka vifaa vyote viwili, simu na hedifoni, viwe vinaelewana katika njia mpya, kinachotumika ni kile cha mdogo wao.

Ufinyu huo unaumiza konsonanti. Irabu zina nguvu na zinakaa chini, kwa hiyo hupita salama. S, SH, F na TH hubebwa zaidi na masafa ya juu, na yakikatwa zinafanana. Mfanyabiashara wa Kariakoo akitaja thamani, mwenzake wa Lubumbashi anaweza kusikia samani. Katika maongezi ya kawaida muktadha huokoa. Katika kutaja majina ya watu, majina ya dawa au masharti ya mkataba, muktadha hauokoi kitu. Kwa mazungumzo ya aina hiyo rudi kwenye waya. Kama huna waya, iache hedifoni ya Bluetooth iwe ya kusikilizia tu: ingia kwenye mipangilio ya sauti ya programu kwenye kompyuta, chagua maikrofoni ya kompyuta yenyewe, kisha sogea karibu nayo. Mara nyingi hatua hiyo peke yake huirudishia hedifoni njia yake pana.

Baada ya umbali kinachofuata ni chumba, na hapa nyumba zetu nyingi za mjini zina mtihani. Sakafu ni vigae, kuta ni saruji iliyopigwa lipu, madirisha ni vioo, na sebule ina makochi mawili na meza ya kioo katikati. Kila uso mgumu hurudisha sauti. Neno lako linaingia kwenye maikrofoni, na sehemu ndogo ya sekunde baadaye linaingia tena likitoka ukutani, kisha likitoka darini, kisha sakafuni, hadi silabi zinapandana. Wewe uliye chumbani huusikii mvumo huo kwa sababu una masikio mawili na akili iliyozoea kuuchuja. Maikrofoni haina uwezo huo, inapeleka kila kitu kama ilivyokipokea. Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zina kuta nene zinazozuia kelele za kichochoroni vizuri sana, lakini chumba kisicho na mazulia na mapazia ndani ya kuta hizo bado huvuma.

Piga kofi moja katikati ya chumba usikilize. Ukisikia mlio unaobaki hewani, tafuta chumba kingine. Chumba bora katika nyumba nyingi ni cha kulala: godoro, mito, mapazia, nguo, vyote vinakunywa sauti. Kaa ukielekea kabati la nguo lililofunguliwa, kwa sababu sauti yako hupiga kwanza kilicho mbele yako. Ukibaki sebuleni, tandika zulia au jamvi nene, na tundika blanketi zito mbele ya ukuta unaoutazama, likiwa mbali na ukuta kwa sentimita chache. Kanga mbili ukutani hazitoshi. Kitambaa chembamba hupunguza makali ya juu tu na kuuacha mvumo wa chini ulivyo. Trei za mayai, ambazo bado naziona zimegandishwa kwenye kuta za studio ndogo, hazizuii kelele za nje, na mvumo wa ndani zinaugusa kidogo sana. Fedha ya gundi nunulia zulia.

Meza nayo huchangia. Simu ikilazwa juu ya mbao tupu inapokea kila unapoweka kikombe na kila unapogusa meza kwa kiwiko. Weka kitaulo kilichokunjwa chini yake.

Kelele za nje ni shauri tofauti, na hapa lazima niseme wazi kwamba godoro halizizuii. Kinachozuia kelele ni uzito wa ukuta na kuziba mianya, na nyumba zetu zimejengwa ili zipitishe hewa. Mianya ipo juu ya milango, madirisha hayafungi sawasawa, na ni vizuri hivyo kwa sababu ya joto. Kwa hiyo kazi yako ni kuchagua muda na mwelekeo. Kaa upande wa uani badala ya upande wa barabara. Usipange kikao cha muhimu saa ya adhana ikiwa msikiti uko ukuta wa pili, wala saa ambayo shule jirani inatoa wanafunzi. Ukiwa na maikrofoni inayosikia upande mmoja, ielekeze mgongo kwenye chanzo cha kelele. Kunyamaza nako ni mbinu: wakati huongei, zima maikrofoni. Katika kikao cha watu ishirini, watu kumi na tisa wakiacha zao wazi, mwenye zamu ya kusema anazungumza juu ya nyumba kumi na tisa.

Feni inahitaji maelezo yake, kwa sababu huwezi kumwambia mtu wa Dar es Salaam azime feni mwezi wa Januari kwa kikao cha saa mbili. Feni ina madhara mawili. Ukishaisogelea maikrofoni, mlio wake wenyewe si tatizo kubwa. Unatulia, hauna mabadiliko, na programu nyingi za kupunguza kelele huuondoa vizuri. Upepo wake ndio adui. Hewa ikipiga kwenye kitundu cha maikrofoni hutoa mngurumo usiotabirika ambao programu haiwezi kuuchuja bila kula na maneno yako. Basi acha feni ikupepee, isipepee simu. Feni ya kusimama iweke nyuma yako kwa pembeni, chini kidogo, ipige mgongo. Ya darini ipunguze kasi hadi ya kwanza, na ukae pembeni ya chumba badala ya chini yake.

Mvua juu ya mabati haina dawa. Mlio wake umeenea katika masafa yote ambayo sauti ya binadamu hutumia, na programu ikijaribu kuutoa hutoa na wewe. Kama nyumba ina chumba chenye dari, hamia huko na usogeze maikrofoni karibu kadiri inavyowezekana. Kama haina, andika ujumbe, eleza kwamba mvua inanyesha, na muombe mwenzako nusu saa. Anayekaa nchi hizi ataelewa, na asiyekaa huku ataelewa akisikilizishwa sekunde tatu.

Kuna mvumo mwingine, wa chini na usiokoma, ambao watu huulaumu mtandao. Chomoa chaja. Ukikoma, chanzo ni umeme: soketi isiyo na waya wa ardhini, au adapta ya pini mbili iliyoukata waya huo, huruhusu mvumo wa umeme kupanda hadi kwenye maikrofoni ya waya. Ongea kwa betri, au hamia soketi ya pini tatu iliyofungwa vizuri. Betri ijazwe kabla ya kikao, jambo ambalo lina faida yake pia siku umeme unapokatika.

Mtandao wenyewe una dalili zake, na ni vizuri kuzitofautisha na za chumba. Sauti inayovuma na kusikika mbali ni chumba au umbali. Sauti inayokatakata, inayoruka silabi au kugeuka ya roboti ni mtandao. Ukiwa na dalili hizi za pili, usinunue maikrofoni, haitasaidia. Zima kamera. Sauti inahitaji kidogo sana: Zoom wenyewe hupendekeza kilobiti 600 kwa sekunde kwa video safi ya watu wawili, na 60 hadi 80 tu kwa sauti peke yake. Mfumo wa Opus, uliopitishwa rasmi mwaka 2012 na unaobeba sauti katika mazungumzo mengi ya video siku hizi, unaweza kushuka hadi kilobiti 6 na bado maneno yakafuatika. Kwa hiyo bando linapoyumba, kamera ndiyo ya kwanza kutolewa kafara. Sogea karibu na ruta au karibu na dirisha lenye mawimbi mazuri, simamisha simu nyingine za nyumbani zinazopakua filamu, na kama kompyuta yako ina tundu la waya wa mtandao, waya huo ni bora kuliko Wi-Fi yoyote. Yako mambo ambayo hayako mikononi mwako. Mwezi Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, sehemu kubwa ya Afrika Mashariki iliongea kwa kukwama, na siku kama hiyo simu ya kawaida ya sauti huwa ndiyo jibu.

Kuchelewa kwa sauti kunastahili uangalifu kwa sababu ya namna tunavyosalimiana. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kufika upande mmoja, ili mazungumzo yaende kwa asili. Kupitia nyaya za baharini, kama TEAMS iliyoiunganisha Mombasa na Fujairah mwaka 2009, safari ya waya yenyewe kwenda Ghuba ni fupi sana. Lakini anayetumia dishi la setilaiti ya mbali, iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta, ana robo ya sekunde ya safari tu, bado mitambo. Sasa chukua salamu zetu. Shikamoo, marahaba, hujambo, habari za huko, watoto je, zinapokezana kwa kasi na mara nyingi zinapandiana. Kwenye spika ya simu, programu ikisikia watu wawili kwa pamoja humnyamazisha mmoja ili kuzuia mwangwi, na marahaba ya mzee inamezwa. Anayempigia simu mkubwa wake amwachie nafasi: toa shikamoo, nyamaza hadi usikie jibu, ndipo uendelee. Na msalimie mmoja mmoja kwa jina kama wako wengi.

Mwangwi nao unaeleweka kinyume. Ukisikia sauti yako mwenyewe ikikurudia, kosa haliko kwako. Sauti yako imefika kwa mwenzako, imetoka kwenye spika yake, imeingia kwenye maikrofoni yake, imerudi. Wewe unayeisikia huna cha kurekebisha. Yeye asiyeisikia ndiye mwenye dawa. Mwambie apunguze spika au avae hedifoni. Katika kikao cha wengi, mwendeshaji azime maikrofoni za watu mmoja mmoja hadi mwangwi ukome, hapo atamjua mwenyewe bila kumwaibisha mtu kwa kubahatisha.

Balaa kubwa zaidi huja pale baadhi ya watu wako ukumbini na wengine wako mbali. Kamati za harusi zimekuwa hivyo, vikao vya ukoo baada ya msiba pia: kumi wako sebuleni Tanga, mmoja yuko Muscat, wawili wako Minneapolis. Kila mwenye simu pale sebuleni anajiunga ili aone sura za walio mbali, na ghafla mluzi mkali unapasua masikio, kwa sababu kila spika inaimba kwenye maikrofoni ya jirani. Kanuni hapa haina nafuu: chumba kimoja, kifaa kimoja chenye sauti. Wengine wote wazime maikrofoni na pia spika, wabaki na picha tu. Kifaa hicho kimoja kiwekwe katikati juu ya kitambaa, si kwenye rafu ya televisheni, na kizunguke mkononi mwa anayesema inapobidi. Mwenyekiti arudie kwa ufupi hoja iliyotoka kwenye kona ya mbali, maana aliye Muscat hakuisikia na huenda anaona haya kusema hivyo kwa mara ya nne. Huyu wa mbali ndiye mara nyingi anayechangia fedha nyingi. Si haki achangie asichokisikia kikijadiliwa.

Kwa wanaofundisha au kuimba kwa njia ya video kuna tahadhari ya pekee. Programu hizi zimefundishwa kutambua maongezi na kuondoa kila kisichofanana nayo. Ala za udi na kanuni, ngoma, sauti ya kasida iliyovutwa kwa muda mrefu, vyote programu huweza kuvidhania kelele, ikavifuta au kuvikatakata. Mwalimu wa Kurani anayemsikiliza mtoto aliye London akitofautisha herufi za sini na swadi anahitaji kila chembe ya sauti. Katika Zoom, ndani ya mipangilio ya sauti, kuna chaguo la kuruhusu sauti ya asili lililowekwa kwa ajili ya wanamuziki. Liwashe, lakini wote wawili wavae hedifoni na chumba kiwe kimya, kwa sababu ulinzi mwingi umeuondoa kwa mkono wako. Kikao kikiisha, lizime.

Nimechelewesha habari ya kununua kwa makusudi. Aliyefanya yaliyotangulia mara nyingi hahitaji kununua. Anayehitaji, kama mwalimu au mtangazaji wa mara kwa mara, aanze na maikrofoni ndogo ya kubana kifuani. Ukienda madukani Kariakoo au Luthuli Avenue, itazame pini kabla ya kulipa: yenye mistari mitatu ya plastiki ni ya simu, yenye miwili ni ya kamera, na ukiichomeka ya kamera kwenye simu haitasikika bila adapta. Simu isiyo na tundu la duara inahitaji maikrofoni yenye pini inayolingana na tundu lake la kuchajia, mara nyingi USB-C. Ijaribu pale dukani kwa kurekodi, kelele za mtaa ule ni kipimo kizuri. Maikrofoni kubwa za mezani zinazopendwa kwa sura zao zinafanya kazi vizuri, lakini zikiwekwa mbali upande wa pili wa meza kwa kuwa zinaziba uso kwenye picha, hushindwa na hedifoni ya waya ya bei ya chini kabisa.

Ujipime usikie. Jirekodi kwa programu ya kinasa sauti ya simu au jitumie ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, ukiwa umekaa palepale utakapokaa, feni ikiwa imewashwa kama itakavyokuwa. Soma aya moja ya gazeti, taja na tarakimu. Kisha sikiliza kwa hedifoni hadi mwisho, hata kama hupendi kujisikia.

Mwisho, kumwambia mtu kwamba hasikiki. Wengi wetu tunaitikia "ndiyo, ndiyo" kwa neno ambalo hatukulisikia, hasa anayesema akiwa mkubwa wetu. Tukifanya hivyo tunamwacha aendelee kutosikika kwa kila mtu. Lisemwe mapema, ndani ya dakika ya kwanza, na lisemwe kwa kutaja hatua: "Shangazi, sogeza simu karibu na mdomo kidogo," au "Babu, naona kidole kimeziba upande wa chini, ishike juu kidogo." Maneno "hatukusikii" peke yake humfanya apige kelele, na sasa unajua kelele hazisaidii. Kama nyumbani kwake kuna kijana, mpigie huyo kwanza pembeni: amchomekee babu hedifoni ya waya, atandike kitambaa chini ya simu, afunge mlango wa jikoni, na abaki karibu dakika tano za mwanzo.